Mwaka wa Milo Sita

Mwezi wa tatu mwaka huu shemeji yangu Maganga alitoka hospitali, na kwa kuwa anatakiwa kurudi kliniki kila wiki, binti yake Veronika aliona heri amlete kwangu Itetemia, hapa Tabora, kuliko kumrudisha kijijini kwao Urambo. Alishuka kwenye bajaji polepole, ameshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili. Huyu ni mtu ambaye nilipomfahamu alikuwa akibeba robota la tumbaku peke yake na kuwacheka wanaobeba wawili wawili. Sasa suruali yake imekazwa kwa kamba ya kiatu. Nikamwamkia, "Shikamoo shemeji," akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni, nikadhani ni uchovu wa safari. Veronika akanivuta pembeni. "Mama mdogo, wamemkata tumbo, kipande kimeondolewa. Asile kama zamani," akasema, akanipa karatasi. Ilikuwa imeandikwa: ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, asishibe. Niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikasema naenda kuangalia sufuria jikoni, na jikoni hakukuwa na sufuria yoyote motoni. Nilikaa huko juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka Veronika alipoanza kuniita.

Maneno hayo nilikwisha kuambiwa mara moja, inakaribia miaka arobaini sasa, na niliambiwa kwa ajili ya mdogo wake Maganga, mume wangu Mihayo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za nilikozaliwa na nilivyoolewa nitaziruka, harusi zote zinafanana, na waliocheza kwenye yangu wengi wamekwisha kulala. Itoshe kusema kwamba mimi ni mtoto wa Tabora mjini, nikapelekwa Urambo kwenye tumbaku, na sikuwa nimemaliza hata mwaka kule Mihayo alipotapika damu shambani. Alikuwa na vidonda vya tumbo siku nyingi, akavificha kwa kutafuna magadi na kunyamaza. Tulimpandisha treni, akapasuliwa Tabora, nikalala sakafuni chini ya kitanda chake majuma matatu. Siku ya kutoka, muuguzi mmoja mama mnene alinipa maelekezo huku anakunja mashuka. "Binti, sikiliza. Tumbo la mumeo sasa ni kama ngumi yangu hii. Ukilijaza, linamsumbua. Mpe kidogo, apumzike, mpe tena. Mara sita kwa siku. Kila tonge atafune mara thelathini. Maji asinywe pamoja na chakula, anywe baadaye. Sukari na asali mwekee mbali." Nikamuuliza atakula hivyo mpaka lini. "Labda miezi, labda maisha," akasema. "Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Ukimfanyia hivyo utamzika wewe ukiwa bibi kizee." Alicheka, na mimi nikacheka, maana kitu nilichokuwa nakitaka duniani ni kuwa bibi kizee na Mihayo.

Kaya yetu ilikuwa ya nyumba nne zilizozunguka uwanja mmoja, na wanaume wa nyumba zote nne walikula pamoja nje, penye moto wao, mchana na jioni. Kila mke alipika, akapeleka ugali wake na mboga yake, akapiga goti, akaondoka. Wanaume walimega sahani hii na ile, na kila mwanamke alijivunia sahani yake ikirudi tupu. Sisi wanawake na watoto tulikula upande wa jikoni. Mwanamume kukaa jikoni lilikuwa jambo ambalo hata halikuhitaji kukatazwa. Kwa hiyo niliporudi na mgonjwa wangu na maelekezo yangu, nilikuwa nimerudi na kitu ambacho hakikuwa na mahali pa kukaa katika kaya ile. Mara sita kwa siku anakulia wapi? Nje peke yake, watoto wakimtazama mdomoni? Tukaamua jikoni. Kilikuwa kibanda cha udongo chenye dirisha moja dogo, moshi umepaka dari rangi nyeusi ya kung'aa, na mlango tuliurudisha ili mbuzi wasiingie. Saa hatukuwa nayo. Nilifuata kipande cha reli walichokuwa wakigonga pale shule ya msingi: kikigongwa cha kuingia, uji wa ulezi na karanga, bila sukari; kikigongwa cha mapumziko, yai moja la kuchemsha, kisha kiazi kitamu, kisha ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto na mlenda, kisha maziwa mgando, na jua likizama, maharage yaliyopondwa au dagaa wa Kigoma walioletwa na treni.

Nilidhani ni kazi ya uuguzi. Kumbe ilikuwa ndiyo ndoa yangu, na sikuijua. Wanawake wenzangu wa kaya ile waliwaona waume zao usiku na wakati wa ugomvi, lakini mimi mume wangu alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele yangu mara sita kwa siku, anatafuna, na mtu akitafuna polepole hana budi asikilize. Aliniambia alivyoogopa alipoona taa kubwa ya chumba cha upasuaji. Aliniambia hapendi tumbaku, hajawahi kuipenda, anataka mizinga ya nyuki kule msituni karibu na Kaliua, nyumba ndogo, na kelele chache. Alihesabu anavyotafuna kwa vidole, mpaka thelathini, kama muuguzi alivyosema, na mimi nilikuwa namchokoza makusudi. "Usinichekeshe, Kalunde," alikuwa anasema huku mkono umefunika mdomo. "Nimefika ishirini na tatu, nitaanza upya." Siku nyingine alikoroga uji mwenyewe, akauunguza, akaula hivyohivyo kwa ukaidi. Mwezi wa pili mashavu yakaanza kurudi. Mwezi wa tatu alikwenda shambani asubuhi, akarudi kwa yai lake, akaenda tena. Sijawahi kupendwa namna ile kabla wala baada, na nilikuwa namwona kama mtu ninayemdai shukrani.

Sasa, wanaume wanakula haraka na wanawake wanahesabu. Siku moja tulikuwa tunafunga majani ya tumbaku kwenye fito, nikazunguka nyuma ya bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, kuchukua fito zaidi, nikasikia sauti ya Nyamizi, mke wa Maganga, anaongea na jirani. Walikuwa ndani, ukuta wa bani katikati yetu. "Leo mara ngapi?" jirani akauliza. Nyamizi akasema, "Nimehesabu nne, na jua hata halijashuka. Tena jikoni, mlango umerudishwa." "Si mgonjwa yule?" "Mgonjwa gani anayenenepa? Sahani ya mke wake haifiki tena kwa wenzake. Kaka yake anamwita, anasema tayari nimekula. Kalishwa yule, mama. Hawa watoto wa mjini wanayajua hayo." Alimaanisha limbwata, ile dawa ambayo inasemekana mke humtilia mume chakulani ili amshike kama mbuzi kwa kamba. Nilisimama na fito mikononi nikasikia masikio yanawaka. Nilikuwa nimeambiwa maovu mengine maishani, lakini hilo lilinipata mahali ambapo sikuwa na ngozi, kwa sababu dalili zote nilikuwa nazo. Mume alikuwa haondoki jikoni. Mume alikuwa anacheka nami na kunisikiliza. Nani angeniamini kwamba ni daktari?

Jioni ile ile Maganga alizungumza penye moto, hakunielekea mimi, ila kwa sauti ya kufika nilipokuwa. Alikuwa mkubwa wa kaya tangu baba yao alipofariki, na alimpenda mdogo wake kupita kiasi, hilo sitalificha. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani," akasema. "Walikuwa wanakula mara moja, jioni, mizigo ikishatuliwa. Wanakula pamoja, wanashiba, wanalala. Hakuna aliyebeba kijiko njiani. Sisi leo mtu anadonoa kutwa nzima kama kifaranga." Wenzake wakacheka. Mihayo alikuwa amekaa nao, sahani zinapita mbele yake, na yeye pia alicheka kidogo. Mimi nilikuwa nakata mboga na nikajikata kidole. Hakuna aliyesema jina langu, wala halikuhitajika.

Nilivumilia majuma mawili. Kisha ikawa siku ya maziwa mgando, saa kumi hivi, Mihayo kwenye kigoda chake, nikaweka bakuli chini kwa kishindo. Nikamwambia jioni utakula nje na wenzako. Akauliza, "Nimekosa nini?" Nikamwambia wanasema nimekulisha. Alicheka sana, mpaka akashika kovu. "Waache waseme, watachoka." Hapo ndipo niliposema maneno ambayo nimeyasikia karibu kila siku tangu wakati ule. Nilimwambia, "Wewe watakuonea huruma, mimi wataniita mchawi. Umeshapona. Kama unanipenda toka jikoni mwangu." Alimaliza maziwa, akatafuna hata maziwa, alivyozoea, akafuta bakuli kwa kidole. "Sawa, Kalunde," akasema. "Ukitaka hivyo." Akaenda akakaa na kaka yake, na sahani yangu ikarudi tupu kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Kesho yake niliacha na ile milo mingine, isipokuwa uji wa asubuhi, maana niliona akila huku na kule watasema zaidi.

Nataka niandike jambo hili bila kulipunguza: nilifurahi. Majuma kama matano yale nilikuwa na raha kubwa. Nyamizi aliniazima kinu chake bila kuombwa. Kisimani nilipewa nafasi, nikaulizwa maoni, nikafundishwa kusuka ungo. Jirani yule wa ndani ya bani aliniletea uyoga wa mvua, akaniita mwanangu. Nilikuwa mke miongoni mwa wake. Na jioni nilikuwa nawatazama wanaume kwa mbali, naona mkono wa Maganga unammegea mdogo wake tonge kubwa, unamwekea mbele, "Kula, kula baba, kula uwe mtu," na Mihayo anakula. Moyoni nilisema kweli amepona, muuguzi alikuwa na woga tu wa hospitali. Dalili nilizokuwa naziona nilizipa majina mengine. Jasho baada ya kula nililiita joto la moto. Akilala ameelekea ukutani niliita uchovu wa tumbaku. Kola ya shati ilipoanza kumpwaya nikasema shati limelegea kwa kufuliwa. Siku moja nyuma ya bani niliona mchanga umefukiwafukiwa kwa mguu, na pembeni punje za maharage mazima, nikasema moyoni ni mbwa. Mbwa wetu hakuwahi kufukia kitu katika maisha yake, na nilikuwa najua.

Alianguka shambani asubuhi, akiwa na panga mkononi. Walimleta kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka stesheni, tukasubiri treni jua lote, na nilipomshika mkono nikasikia mifupa miwili ya chini ya kiwiko inavyopishana. Hospitalini daktari alimpima, akaniuliza amekuwa anakula nini. Nikasema anakula vizuri, anakula na wenzake. Daktari akasema mwili huu hauna akiba yoyote, mama, chakula kilikuwa hakikai. Sikumwona yule muuguzi mnene, alikuwa amehamishwa, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mihayo aliishi siku tatu. Siku ya pili aliomba uji, akala vijiko vinne, akatafuna kila kimoja kwa makini, mimi nikihesabu pamoja naye kwa midomo. Kisha akaniambia kwa utaratibu tu, kama mtu anayeeleza habari za safari, "Wanakula haraka sana kule nje, Kalunde. Nilikuwa sifiki hata kumi na tano." Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na kitu cha kushika. Alikufa kesho yake saa za mchana, tukamrudisha Urambo, na kaya nzima ikapika, nikaona sufuria ambazo sijawahi kuziona, ugali wa kulisha kijiji, watu wanakula mpaka wanafungua vifungo.

Nilirudi Tabora baada ya arobaini. Nilishona, nikauza vitenge sokoni, nikajenga chumba kimoja kimoja huku Itetemia. Sikuolewa tena. Sikuapa, haikutokea tu. Watu wa kaya ile hawakunilaumu hata siku moja. Waliniletea asali kila mavuno, waliwaleta watoto wao walale kwangu wanapokuja shule, Veronika nimemsomesha mimi kidato cha kwanza hadi cha nne. Upole huo ulinitesa. Nilidhani hawajui kwamba ni mimi niliyemtoa jikoni, na kwamba wanampa asali muuaji. Mara nyingi nilitaka kuwaambia. Niliogopa kuipoteza ile asali, na ninaposema asali najua ninasema nini.

Sasa Maganga yuko kwangu, wiki ya tatu. Saa ninayo, ya ukutani, na ya simu pia inalia. Mwanzoni alikuwa hataki. Alisema mtu mzima kuitwa mezani mara sita ni aibu, alikula nusu yai akasukuma sahani, akasema nisihangaike. Ni juzi tu, saa nne asubuhi, nilipomwekea uji wa ulezi, alishika kijiko bila kula. Nyamizi wake alishafariki, hana wa kumwogopa, labda ndiyo maana alisema.

"Shemeji, mdogo wangu ulikuwa unampikia hivihivi?"

"Hivihivi."

"Alikuwa anatapika," akasema. "Nilimwona, nyuma ya bani. Siyo mara moja. Kila siku."

Niliuliza, sauti yangu nikaisikia ni ndogo, kwa nini hakuniambia.

"Tulifurahi," akasema mzee. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. "Nisamehe, shemeji. Tulidhani ni dawa yako inamtoka. Walisema mtu aliyelishwa akila kwa mikono ya ndugu zake, ile dawa hutoka. Kwa hiyo alivyotapika tulimwongezea. Mimi ndiye nilikuwa namwongezea. Nilikuwa namwambia kula baba."

Nilikaa. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika kichwa nikiweke kifuani, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikamwambia yangu, yote, maneno niliyoyasema na bakuli nililoliweka kwa kishindo. Miaka yote ile nilidhani nitayasema nife, na yalitoka kama mtu anasoma barua ya mtu mwingine. Akasikiliza mpaka mwisho. Uji ukaanza kushika ngozi juu.

"Ningekuja mbele yako siku ile," nikamwuliza, "nikakuambia tumbo lake ni dogo, ni daktari kasema, ungeniamini?"

Maganga hajawahi kuwa mwongo. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ile bajaji.

"Hapana," akasema. "Yeye mwenyewe alituambia, shemeji. Alituambia kila siku, kabla ya kunawa. Alisema mke wangu hana kosa, ni tumbo. Tukasema, mnaona? Hivyo ndivyo anavyosema mtu aliyelishwa."